Maji ya Wageni

"Huyu nataka aondolewe kwenye orodha ya madaktari kabla ya Ijumaa," Msajili wa Baraza la Madaktari alisema, akilisukuma jalada mezani kwa ncha za vidole kana kwamba linanuka.

Kibano hakulipokea. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi polisi kwa miaka mingi kabla Baraza halijamchukua kuchunguza malalamiko dhidi ya madaktari, na jina hilo alipewa na wenzake wa huko. Walisema akishika kitu hakiachii mpaka kiseme.

"Nani kalalamika?" aliuliza.

"Daktari Bingwa. Alikuja mwenyewe, ana kwa ana."

Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Daktari Bingwa wa kisukari alijulikana na kila mtu mwenye redio. Kila Jumapili asubuhi sauti yake ilikuwa hewani, akiwachana wale aliowaita waganga waliovaa koti jeupe.

Marehemu alikuwa mama mshonaji, mjane, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Alifia chumba cha dharura, sukari imepanda hadi mashine ikashindwa kuisoma. Kilichomuua kilikuwa wazi: aliacha kujichoma insulini. Kilichobishaniwa ni nani alimwambia aache. Bingwa alimtaja daktari kijana wa mtaa ule ule, ambaye pamoja na dawa za kawaida alitibu maumivu kwa sindano kavu, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Mtaani walimwita Daktari Sindano.

"Sheria haimkatazi daktari kutumia tiba mbadala," Kibano alisema. "Inamkataza kumdanganya mgonjwa na kumwachisha dawa inayomweka hai."

"Ndicho alichofanya. Andika hivyo, tufunge."

"Bado sijaona, mkuu."

"Bingwa ameona."

"Basi nitamwuliza ameona nini." Hapo ndipo alipolichukua jalada.

Alianzia kwa marehemu. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa ndicho duka la ushonaji, na juu ya cherehani bado kulikuwa na gauni la mtu, limeshonwa bega moja tu. Binti wa marehemu, ambaye alifanya kazi ya kuoka mikate mji wa pili na kuja nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, alimkaribisha Kibano kiti, kisha yeye akabaki amesimama.

"Kaa, mwanangu."

"Nikikaa nitalia, mama. Uliza tu."

"Mara ya kwanza kujua kwamba ameacha insulini ilikuwa lini?"

"Nilipofungua friji. Nilikuwa nimemletea mpya, maana madukani imeadimika, nilizunguka sana kuipata. Nikakuta ile ya zamani haipo. Nikamwuliza, mama, dawa yako iko wapi? Akasema daktari ameichukua. Eti ni sumu, na mwili hauwezi kusafishwa huku unatiwa sumu."

"Daktari gani?"

"Daktari, basi. Alikuwa anakwenda kwa huyo wa sindano kwa ajili ya magoti yake. Mimi simjui mwingine. Na sikuuliza, maana tulikuwa tumeshaanza kugombana. Nilimpigia kelele mama yangu. Akaona anyamaze, akazichukua zile chupa mpya akazifunga nyuzi, ili mimi nitulie."

"Nyuzi za nini?"

"Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, hasomi maandishi madogo. Kwa hiyo kila chupa ya insulini aliizungushia uzi shingoni. Mwekundu, ya kabla ya chakula. Kijani, ya usiku. Anafunga kwa fundo lake lile la kushikizia vifungo. Alizifunga mbele yangu, akaziweka kwenye friji. Nikajua nimeshinda." Binti aliuma mdomo. "Niliporudi tena hazikuwepo. Zote mbili. Na yeye alikuwa kitandani, anapumua kama aliyekimbia."

Kibano aliandika.

"Kitu kingine chochote kilichokushangaza?"

"Harufu. Mama alikuwa ananuka kitunguu saumu. Pumzi, jasho, mashuka. Na kitunguu saumu alikuwa hakigusi, akisema kinamchoma kifua. Halafu hapa." Binti alijigusa ndani ya kiwiko cha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. "Alivilia damu, kukawa kweusi. Alibandikwa pamba na plasta. Nikajua ni yule mtu na masindano yake. Mama, naomba mumfunge. Naapa akikaa mtaani mimi nitamfuata."

"Usimfuate mtu," Kibano alisema akiinuka. "Hiyo niachie mimi."

Alitembea hadi kwa Daktari Sindano, na njia nzima alikuwa amekunja uso. Kila kitu kilimnyooshea kidole kijana yule: magoti, sindano, mikono iliyovilia damu. Mtu amesomeshwa, ameapishwa, amepewa leseni, kisha anaingia kwenye friji ya mjane na kumpokonya uhai wake.

Zahanati ilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Bango la mlangoni lilikuwa limepakwa tope, na mtu alikuwa amejaribu kulifuta likazidi kuchafuka. Kwenye benchi la wagonjwa hakukuwa na mgonjwa.

"Shikamoo, mama," daktari kijana alisema. "Nilijua mtakuja."

"Marahaba. Ulimwachisha mshonaji insulini?"

"Hapana."

"Ulimpima sukari?"

"Kila alipokuja. Ilikuwa inapanda. Nikamwuliza kama anatumia dawa, akasema anatumia."

"Ukamwamini."

"Nilimwamini."

"Nionyeshe friji yako."

"Sina friji. Hata umeme nachangia na kinyozi." Alifungua kabati bila kuambiwa. Kibano alipekua rafu moja baada ya nyingine: bandeji, kipima presha, vidonge vya kawaida, masanduku ya sindano kavu. Hakukuwa na chupa za dripu za kutundika wala mipira yake. Hapakuwa na nguzo ya kutundikia wala msumari ukutani.

"Ulimchoma wapi?"

"Magotini. Hakuwa na shida nyingine aliyoniletea."

"Mikononi je?"

"Sikumgusa mikono, isipokuwa kidole cha kupimia sukari." Alichukua sindano moja, akaitoa kwenye karatasi yake. "Niruhusu."

Kibano alinyoosha mkono. Sindano iliingia nyuma ya kiganja, ikatoka. Alipoangalia, ilibidi asogee dirishani ili aone iliingilia wapi. Kitu chembamba namna ile kisingeweza kuuvilisha mkono damu ukawa mweusi. Kazi kama ile hufanywa na sindano nene ya dripu, tena mtu anayerudia mshipa ule ule mara kwa mara.

"Alikuwa ananuka?" aliuliza.

Daktari kijana alitazama chini. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo tangu Kibano aingie.

"Kitunguu saumu," alisema.

"Ulimwuliza?"

"Mara moja. Alicheka, akaniambia anaoshwa ndani. Nikadhani ni dawa za nyumbani. Nikaacha."

"Ukaacha."

"Niliogopa nikimbana hatarudi tena."

Kibano alimkazia macho. "Sukari inapanda. Mtu ananuka kuliko jiko. Anakwambia kwa kinywa chake kwamba anaoshwa ndani. Na wewe, daktari mwenye leseni, unainama unachoma magoti!"

"Ndiyo, mama."

"Hilo utalijibu mbele ya Baraza."

"Nitalijibu. Halina utetezi." Alifunga kabati. "Lakini insulini yake sikuichukua mimi."

"Najua," Kibano alisema, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia hasira yake imehama mahali. Kuna mtu alimtundikia mshonaji chupa. Huyo ndiye wa kutafutwa. Lakini kwanza alikuwa na shahidi mmoja ambaye hajamhoji, naye ni mlalamikaji mwenyewe.

Kliniki binafsi ya Daktari Bingwa ilikuwa nyumba kubwa nyeupe yenye vigae vinavyong'aa. Msichana wa mapokezi alimwambia Kibano asubiri, daktari yuko kwenye simu. Kibano alikaa kwenye sofa, karibu na mzee mmoja nadhifu aliyevaa koti na tai. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vimepakwa rangi vizuri, ila kamba zilikuwa wazi kabisa. Miguu ilikuwa imevimba, imefurika juu ya viatu kama unga uliozidi chungu.

Ndipo harufu ilipomfikia. Ilikuwa ya kitunguu saumu, na nzito, na haikutoka jikoni. Ilitoka kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Utanisamehe kwa harufu hii. Wajukuu zangu wananiita Babu Saumu, wakati miaka yote nimeitwa Mwalimu." Alicheka, akaishiwa pumzi, akangoja irudi. "Nilifundisha hesabu. Sasa nimestaafu, nimekuwa kiungo cha mboga."

"Umekula nini, Mwalimu?"

"Sijala kitu. Ni maji. Daktari anatundika chupa, yanapita mshipani, yanaosha mwili wote." Alikunja mkono wa koti ili amwonyeshe. Ndani ya kiwiko kulikuwa na pamba na plasta, na pembeni ya plasta ngozi imekuwa nyeusi.

"Unaumwa nini?"

"Moyo. Pamoja na presha."

"Na dawa zako za moyo?"

"Nilimkabidhi Daktari. Huwezi kuosha nyumba huku mtu anamwaga takataka mlango wa nyuma. Ndivyo anavyosema." Alisema kwa fahari, kama mwanafunzi aliyeshika somo.

"Tangu uzikabidhi, miguu ikaanza kuvimba?"

Mwalimu aliitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Huo ni uchafu unashuka," alisema polepole. "Unashuka ili utoke."

Kibano alitaka kusema neno, lakini msichana wa mapokezi aliwaita wote wawili. Mwalimu aende chumba cha nyuma, kiti chake kiko tayari. Mgeni aende ofisini.

Bingwa alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, aliyezoea kusikilizwa.

"Karibu, dada. Nimefurahi Baraza limeamka. Yule kijana mtamfuta?"

"Nimekuja kuchukua maelezo yako, Daktari. Mshonaji ulimtibu wewe?"

"Zamani, hospitalini. Nilimwona mwaka jana, kisha akapotea. Alinaswa na yule tapeli."

"Kwenye kliniki hii hakuwahi kufika?"

"Hapa? Hata mlango wake alikuwa haujui."

"Ulijuaje kwamba ameacha insulini?"

"Habari zinatembea. Mimi nina wagonjwa mtaa mzima."

"Wagonjwa wako wangapi wananuka kitunguu saumu?"

Tabasamu lilibaki mdomoni mwa Bingwa, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

"Sijakuelewa."

"Nionyeshe chumba cha nyuma."

"Una kibali cha upekuzi, dada? Au siku hizi mnaingia tu?"

"Leseni uliyoitundika ukutani nyuma yako ndiyo kibali changu. Uliipokea kwa masharti kwamba Baraza likague popote unapotibia. Twende, au nitangulie?"

Alitangulia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na viti virefu vya kulalia, na juu ya kila kiti kulikuwa na chupa iliyotundikwa, maji yakidondoka. Harufu ilikuwa nzito hata machozi yakamlenga. Watu watatu walikuwa wamelala, nesi akiwahudumia. Wa mwisho alikuwa Mwalimu, koti limekunjwa mapajani, sindano imeshaingia mshipani.

"Nini hiki?" Kibano aliuliza.

"Tiba ya kusafisha," Bingwa alisema. Alikuwa ameacha upole wake mlangoni. "Ni kiyeyushi, ndicho chenye hiyo harufu. Kinapenya kila seli. Nchi nyingine wanakitumia."

"Kiyeyushi kinachoyeyusha nini?"

"Viwandani kina matumizi mengine, hilo silikatai. Dawa nyingi zilianzia viwandani. Wewe si daktari, usinifundishe."

"Kweli, mimi si daktari. Ndiyo maana nauliza: Baraza linajua? Wagonjwa hawa wamejulishwa kwamba hakijathibitishwa kutibu moyo wala sukari? Redioni umewahi kukitaja hata Jumapili moja?"

"Mama, usitusumbue," Mwalimu alisema kutoka kwenye kiti chake, amekasirika. "Hospitali walinikatia tamaa. Huyu peke yake ndiye aliyeniambia nitapona. Unataka kuninyang'anya na hilo?"

Kibano alivaa glavu, akaiendea friji ndogo iliyokuwa kwenye kona, akaifungua, akapiga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu. Rafu ya juu ilikuwa na maji ya kunywa. Rafu ya chini, kwenye sahani safi, palikuwa na chupa ndogo za insulini zimepangwa vizuri, mbali na ubaridi wa kuganda. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimezungushiwa nyuzi shingoni, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, kwa fundo la kushikizia vifungo.

Alizitazama kwa muda, akawa anaona vidole vya mama mwenye macho hafifu vikivuta uzi, huku binti yake akimpigia kelele.

"Daktari," alisema bila kugeuka. "Mshonaji hakuwa anaujua mlango huu. Dawa yake imeingilia wapi?"

Nesi aliinamisha kichwa.

"Alikuja mara chache," Bingwa alisema. "Kwa hiari yake. Nilimweleza kwamba insulini haiponyi, inasogeza siku tu. Ni kama sumu ya taratibu. Akaamua mwenyewe kuikabidhi."

"Kisha alipokufa ukakimbilia Baraza kumshtaki mwenzako, kabla hatujauliza nani alikuwa anamtibu."

"Yule kijana anachafua taaluma!"

"Sumu," Kibano alisema. "Neno hilo ndilo ulilomwambia. Basi nieleze, Daktari, kwa nini sumu umeitunza kwenye friji? Umeiweka rafu ya chini isigande. Umeitengea sahani. Mtu anayeamini kitu ni sumu anakimwaga."

"Dawa haitupwi ovyo. Kuna utaratibu."

"Na hii?" Aliinyanyua ile ya uzi mwekundu dhidi ya mwanga wa dirisha. Ilikuwa imefunguliwa na kupungua zaidi ya nusu. "Binti yake aliileta mpya. Mshonaji hakuitumia, nyinyi mlishamwachisha. Nani anaitumia?"

Kibano aliwatazama wagonjwa mmoja mmoja, akamtazama nesi. Nesi alikuwa akiuangalia mlango wa nyuma, ule uliotokea uani.

Mlango huo ulifunguliwa. Aliingia bibi mzee, kanga mabegani, anatembea kwa fimbo lakini amenyooka, uso wake una afya. Aliwasalimia wote kwa furaha ya mtu aliye kwake, kisha akamgeukia Bingwa.

"Baba, umenisahau leo? Chakula kimepoa, na mimi sijachomwa."

Bingwa alimsogelea haraka.

"Mama, rudi ndani," Bingwa alisema. "Nakuja."

"Nirudi vipi na njaa? Wewe ndiye uliyenikataza kula kabla ya sindano." Bibi alimwona Kibano. "Karibu, mwanangu. Nawe umekuja kutundikiwa maji?"

"Shikamoo, mama. Hapana, sikuja kwa maji."

"Marahaba. Usione aibu, wengi wanakuja."

"Wewe hutundikiwi, mama?"

"Mimi?" Bibi alicheka kwa moyo wote. "Hata siku moja! Niliwahi kuyaomba, nikaona wenzangu wanayasifu. Mwanangu aligomba siku ile kama mimi ndiye mtoto. Akaniambia, mama, hayo ni ya wageni, wewe yako ni sindano, na ukikosa hata moja utaniua kwa wasiwasi."

Hakuna aliyecheka naye. Bibi akatazama nyuso, kicheko kikamfia mdomoni. "Nimesema nini?"

"Hujasema baya, mama," Kibano alisema. Alikuwa amekutana na wezi na wauaji, lakini hakukumbuka siku aliyotaka kumpiga mtu kibao kama siku ile. Badala yake aliiweka ile chupa ndogo mezani, mbele ya Bingwa. "Mchome mama yako. Yeye hana kosa, na chakula chake kinapoa."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Nataka kuona unavyofanya."

Bingwa alinawa mikono. Alimpima mama yake sukari kidoleni, akasoma, akavuta dawa kwenye sindano mpya, akaigonga kwa ukucha kutoa hewa, akaangalia kipimo mara ya pili. Alimfuta ngozi, akachoma taratibu, akahesabu kimya kabla ya kuchomoa. Kila kitu kilikuwa sahihi. Mwanafunzi yeyote wa udaktari angeweza kujifunza kwa kumtazama.

"Asante, baba," bibi alisema. Akamshika mwanawe shavu, asijue kwa nini lina jasho, akatoka na fimbo yake.

Kibano aliipiga picha ile chupa, akaifunga kwenye mfuko wa ushahidi pamoja na mwenzake wa uzi wa kijani. Alimwagiza nesi apeleke kwa bibi chupa isiyofunguliwa kutoka kwenye ile sahani, yenye karatasi ya duka na isiyo na uzi, kisha arudi aanze kuondoa dripu zote. Akampigia simu Msajili, akaacha spika wazi.

Alieleza kwa ufupi.

"Una hakika ni yeye?" Msajili aliuliza.

"Amesimama mbele yangu."

"Kibano, huyu ni mtu mkubwa. Ni mtu wetu. Tumwite tumsikilize kwa utaratibu, labda tumpe onyo..."

"Mkuu, wagonjwa wamelala hapa na dawa zao wamenyang'anywa. Nataka leseni isimamishwe sasa hivi."

"Kwa malalamiko ya nani? Mlalamikaji wa jalada hili ni yeye mwenyewe! Akiyafuta, huna jalada. Binti wa marehemu amesaini kwenye jalada kama shahidi wake, dhidi ya yule mwingine. Na kusimamisha papo hapo unajua masharti yake: mgonjwa aliye hai, aliye hatarini, aseme kwa kinywa chake. Unaye?"

Bingwa aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake aingie, rangi ilimrudia usoni. Aliwageukia watu wake waliolala, akatumia ile sauti ya Jumapili.

"Hakuna anayenilalamikia hapa," alisema. "Waulize. Kila mmoja alikuja kwa miguu yake."

Kibano aliwatazama. Mama mmoja alifumba macho. Kijana mwenye bandeji kichwani aligeukia ukutani. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, kwa sababu alijua mtu yule alikuwa na hakika nao. Aliwachukulia dawa, na badala yake aliwapa kitu ambacho mgonjwa hakubali kukiachia kirahisi. Ukimwambia kuwa ni uongo, anakuchukia wewe.

Kisha kiti kililalamika. Mwalimu alikuwa ameketi wima. Alibandua plasta kwa kucha, akachomoa sindano mkononi mwake mwenyewe. Damu ikatiririka mpaka kwenye shati lake jeupe, asiijali.

"Daktari," alisema. "Mimi nawe tumejuana muda sasa. Nilikuletea mjukuu wangu umwone. Nilikuombea dua." Pumzi ilimpaa, akasubiri. "Naomba unijibu swali moja tu. Mimi kwako ni mgeni?"

"Mwalimu, lala, utaanguka."

"Nijibu."

Bingwa aliangalia pembeni.

Mwalimu alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayepitia hesabu na kuikuta ni ile ile. Akamnyooshea Kibano mkono wenye damu.

"Nipe hiyo simu, mwanangu."

Kibano alimpa, akamkandamizia pamba mkononi huku mzee akizungumza.

"Wewe ndiye Msajili? Mimi ni mwalimu mstaafu, naumwa moyo, miguu yangu haiingii kwenye viatu, na dawa zangu ziko mikononi mwa mtu unayemwita mtu wenu. Unataka mlalamikaji, si ndiyo? Nalalamika mimi. Na uandike vizuri, usije ukaweka kwamba daktari hakujua. Anajua. Nimemwona kwa macho yangu akipima dawa ya mama yake, hakukosea hata tone. Nisingekuwa na uchungu huu kama angekuwa mjinga."

Sauti ya Msajili ilikuwa imepoa, imekuwa sauti ya mtu anayezungumza na mzazi wake. Leseni imesimamishwa kuanzia dakika ile, alisema. Daktari asimguse mgonjwa mwingine. Gari la wagonjwa linakuja. Kisha akamwuliza Mwalimu, kwa heshima kabisa, kama angeweza kufika ofisini akipata nafuu, ili atoe maelezo yake kwa kirefu.

"Nitakuja," Mwalimu alisema. "Lakini hilo gari liambie liharakishe, nami nikapewe dawa yangu. Mama yake ameshapata yake."